Uti wa mgongo: Maradhi yasiyoua ila yanayofilisi familia mashambani

ZOMBE, katika eneobunge la Kitui Mashariki, hutajwa katika vyombo vya habari kwa mambo mawili: ukame, na mizozo ya malisho baina ya wakulima na wafugaji wa ngamia. Ni nadra sana eneo hilo kutajwa kwa sababu ya mgongo.

Hata hivyo, maumivu ya mgongo, hasa yale yanayotokana na hitilafu za diski za uti wa mgongo, ni miongoni mwa maradhi yanayowaondoa watu wengi zaidi kazini kote duniani. Hakuna sababu ya kudhani kuwa wakazi wa Kitui, ambao riziki yao hutegemea jembe, mtungi wa maji na mguu, wamesazwa. Kinyume chake, wao ndio wenye sababu nyingi zaidi za kuyaogopa.

Takwimu zinazotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) zinaonyesha kuwa watu milioni 619 waliugua maumivu ya kiuno na mgongo wa chini mwaka wa 2020. Inakadiriwa kuwa idadi hiyo itafika milioni 843 kufikia mwaka wa 2050, na ongezeko kubwa zaidi linatarajiwa Afrika na Asia. Hakuna maradhi mengine yanayowasababishia wanadamu ulemavu kwa kiwango hicho.

Kwa nini basi jambo zito kiasi hiki halisikiki katika mikutano ya kisiasa wala katika mijadala ya bajeti? Jibu la kwanza ni kuwa mgongo hauui. Ukimwi, malaria na kifua kikuu vina Hazina ya Kimataifa iliyoundwa mwaka wa 2002. Kansa ina siku yake, na kisukari kina kliniki yake. Mgonjwa wa mgongo hana chochote ila mkeka wake. Hazikwi, hahesabiwi, na wala hakuna anayemchangishia pesa hadi siku atakapoambiwa kuwa lazima afanyiwe upasuaji.

Jibu la pili ni kuwa maumivu hayaonekani. Mwenye mguu uliovunjika huonewa huruma na kila apitaye. Mwenye diski iliyotoka mahali pake huonekana mzima, hula, huzungumza na pengine hata hucheka, kisha akaambiwa aende kisimani akasema hawezi. Siku ya kwanza huaminiwa. Mwezi wa tatu huitwa mvivu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nao walio wengi hawajapata kukilalia kitanda hiki.

Uti wa mgongo wa mwanadamu umeundwa kwa pingili za mifupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Baina ya pingili hizo mna diski 23, ambazo ni vitanga laini vyenye ukingo mgumu kwa nje na ute mzito kwa ndani. Kazi yake ni kupokea uzito na kuuwezesha mwili kuinama na kugeuka. Kadiri umri unavyosonga ndivyo ute huo unavyokauka na ukingo unavyoingia nyufa. Ukingo ukipasuka, ute huchomoza na unaweza kuugusa au kuukandamiza mshipa wa fahamu unaopita kando yake.

Hapo ndipo mtu huhisi maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita makalioni na kushuka mguuni hadi kwenye nyayo, kama umeme au kama moto. Diski mbili za chini kabisa, zinazobeba sehemu kubwa ya uzito wa kiwiliwili, ndizo zinazoleta shida mara nyingi zaidi.

Elimu hii ya diski haijatimiza hata karne moja. Mnamo mwaka wa 1934, madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walichapisha makala yaliyoonyesha kuwa diski iliyopasuka ndiyo iliyokuwa chanzo cha maumivu ya mguu kwa wagonjwa wao, na kuwa kuiondoa kwa kisu kuliwaletea nafuu. Tangu hapo daktari mpasuaji akawa ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu mgongo. Ulimwengu wa utabibu ulitumia miongo mingi kugundua kuwa neno hilo lilikuwa na mipaka yake.

Mashine ya MRI, iliyotarajiwa kumaliza ubishi, iliuongeza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2015, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi za watu wasiokuwa na maumivu yoyote, ulibaini kuwa asilimia 37 ya watu wa umri wa miaka 20 walikuwa na dalili za kuchakaa kwa diski. Kwa wenye umri wa miaka 80, kiwango hicho kilikuwa asilimia 96. Watu hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wakienda zao.

Maana yake ni nzito kwa mkulima wa Zombe. Anaweza kuuza mbuzi, akasafiri zaidi ya kilomita 150 hadi Nairobi, akalipia picha na kuonyeshwa diski iliyochomoza, ilhali diski hiyo haihusiani kamwe na maumivu yake. Picha hiyo humtia hofu. Hofu humfanya aache kutembea. Kuacha kutembea hudhoofisha misuli inayoushikilia uti wa mgongo, na maumivu huzidi. Mbuzi amekwenda, na mgonjwa ni mgonjwa zaidi kuliko alivyoondoka nyumbani.

Safari yenyewe kwa kawaida haianzii Nairobi. Huanzia katika duka la dawa. Vidonge vya kutuliza maumivu hununuliwa kwa shilingi chache, visipofua dafu ikafuata sindano, na sindano ikiisha nguvu ikatafutwa nyingine. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zina nafasi yake katika matibabu, lakini zikitumiwa mwezi baada ya mwezi bila uangalizi huchubua tumbo na kuharibu figo. Mtu huanza na mgongo akaishia na vidonda vya tumbo, na wa pili huyo hutibiwa kama ugonjwa mpya usio na uhusiano na wa kwanza.

Dawa ya parasetamoli, ambayo ndiyo nyepesi kupatikana, ilifanyiwa majaribio nchini Australia kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 wa maumivu mapya ya kiuno. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2014 yalionyesha kuwa waliopewa dawa hiyo hawakupona upesi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka wa 2023, jaribio jingine nchini humo lilionyesha kuwa hata dawa kali za jamii ya afyuni hazikuwashinda waliopewa vidonge vitupu. Watunga sera wanaodhani kuwa tatizo la mgongo litamalizwa kwa kujaza rafu za zahanati wana sababu ya kuyasoma matokeo hayo upya.

Basi kinachosaidia ni nini? Mnamo Desemba 2023 WHO ilitoa kwa mara ya kwanza mwongozo wake kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yaani yale yanayodumu kwa zaidi ya miezi mitatu. Yanayopendekezwa ni mgonjwa kuelimishwa kuhusu hali yake, programu za mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama vile kukandwa, ushauri wa kisaikolojia, na dawa za kupunguza uvimbe zikitumiwa kwa uangalifu.

Mwongozo huo unapinga mikanda ya kiunoni, kuvutwa kwa mgongo kwa mashine, na dawa za jamii ya afyuni kama matibabu ya kawaida. Mikanda hiyo huuzwa hadharani katika miji mingi ya Kenya, na wanaoinunua huamini kuwa wamenunua uzima.

Jambo la kutia moyo katika orodha hiyo ni kuwa yanayofaa hayahitaji mashine ya mamilioni. Yanahitaji mtu: mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na mazoezi, mwenye saa moja ya kumsikiliza mgonjwa, kumchunguza, kumwonyesha namna ya kujinyoosha na kumrudisha kazini hatua kwa hatua. Kenya haikosi elimu hiyo. Vyuo vya mafunzo ya utabibu vya KMTC vimewafunza wataalamu hao kwa miaka mingi, na tangu mwaka wa 2014 kuna sheria mahususi inayosimamia taaluma yao.

Hata hivyo, mtaalamu hafunguliwi kwa kukatiwa utepe. Mwaka wa 2015, serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa ajili ya hospitali za kaunti, uliogharimu mabilioni ya pesa na kuzua mabishano makali katika Seneti. Mashine zilipigwa picha na wakubwa. Haijawahi kutokea kiongozi akasafiri hadi mashambani kupigwa picha na mtaalamu wa mazoezi na mkeka wake, ingawa kwa mwenye maradhi ya diski huyo wa pili ndiye angefaa zaidi katika wiki za mwanzo.

Suala la bima nalo halijatengemaa. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), iliyoundwa mwaka wa 1966, ilijengwa juu ya wazo la mgonjwa aliyelazwa kitandani. Mbunge wa zamani wa Kitui ya Kati, Bi Charity Ngilu, alipokuwa Waziri wa Afya aliwasilisha mswada wa bima ya afya kwa wote, ukapitishwa na Bunge mwaka wa 2004, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Bi Ngilu aliporudi Kitui kama gavana, alianzisha mwaka wa 2018 bima ya kaunti iliyojulikana kama K-CHIC. Majirani wa Makueni walikuwa wametangulia mwaka wa 2016, wakati Gavana Kivutha Kibwana alipozindua mpango ambao familia ililipa Sh500 kwa mwaka.

Mipango hiyo iliwapunguzia wengi mzigo, na si haki kuibeza. Lakini ilihusu huduma katika hospitali za kaunti zenyewe. Mgonjwa wa diski aliyehitaji picha ya MRI au mpasuaji wa mishipa ya fahamu katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta alitoka nje ya mipaka ya kaunti, na kwa kutoka huko akatoka pia nje ya bima.

Tangu Oktoba 1, 2024, NHIF imebadilishwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yao, na kiwango cha chini kwa wengine ni Sh300 kwa mwezi. Mkulima asiye na mshahara hutakiwa kulipa jumla ya mwaka mzima, kwa kiwango kinachotokana na maswali kuhusu nyumba yake na mali yake. Katika eneo ambako misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, kumtaka mtu awe na pesa za mwaka mzima kwa pamoja ni kumtaka awe mtu mwingine. Mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa mkopo uliotangazwa baadaye unakiri ukweli huo.

Sheria mpya inataja hazina tatu, mmojawapo ukiwa wa dharura na maradhi ya kudumu. Mtu angedhani kuwa maumivu ya miaka kumi ni maradhi ya kudumu. Orodha ya maradhi yanayosemwa kwa jina hilo katika hotuba za viongozi ni kansa, figo, kisukari na shinikizo la damu. Mgongo haumo katika hotuba hizo, ingawa WHO yenyewe, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka wa 2022, inayatambua maumivu ya kudumu kuwa ugonjwa kamili na si dalili tu ya ugonjwa mwingine.

Daktari anapomaliza kumwandikia mgonjwa dawa, humpa na wasia: usibebe kitu kizito. Wasia huo ni mwepesi kutolewa Nairobi. Katika vijiji vinavyozunguka Zombe, ni amri isiyotekelezeka.

Maji ndiyo mzizi wa jambo hili. Mito ya Kitui, kama vile Thua na Tiva, ni ya msimu. Mvua ikipita, maji hujificha chini ya mchanga, na watu huchimba visima mtoni kuyafuata. Kadiri kiangazi kinavyorefuka ndivyo shimo linavyozidi kina na mwendo unavyozidi urefu. Anayechimba huinama. Anayeteka huinama. Anayenyanyua mtungi uliojaa huinama kisha akageuka, nao mwendo huo wa kuinama na kugeuka kwa pamoja ukiwa na mzigo ndio unaoibana diski kuliko mwingine.

Mtungi wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20. Kwa mwanamke mwenye kilo 60, hiyo ni theluthi ya uzito wake. Mwaka wa 1986, watafiti wakiongozwa na Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowashangaza wengi: wanawake wa jamii za Waluo, wanaobeba kichwani, na Wakikuyu, wanaobeba kwa ukanda uliopitishwa kwenye paji la uso, waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada. Wanawake wa Ukambani pia hubeba kwa ukanda.

Utafiti huo umenukuliwa mara nyingi kama sifa kwa mwanamke wa Kiafrika. Wachache husoma upande wake wa pili. Asilimia 20 ya kilo 60 ni kilo 12. Mtungi unaouzwa madukani ni wa lita 20, na aliyeutengeneza hakuupimia shingo ya mtu bali aliupimia mafuta ya kupikia. Kila hatua juu ya kipimo hicho cha asilimia 20 mwili huanza kugharimika, na mtoto wa shule anayetumwa na mtungi huo huo hugharimika zaidi ya mama yake.

Ingawa hivyo, itakuwa makosa kusema kuwa mzigo peke yake ndio unaoharibu diski. Watafiti waliowafuatilia mapacha wa Finland katika miaka ya 1990, ambapo pacha mmoja alifanya kazi nzito na mwenzake kazi nyepesi, walikuta kuwa urithi wa kizazi ulichangia kuchakaa kwa diski kuliko kazi. Wapo wazee wa Zombe waliobeba mizigo maisha yao yote na bado wamenyooka, na wapo makarani wa Nairobi waliokaa kitini wakapinda.

Kinachoamuliwa na mzigo ni jambo jingine, nalo lina uzito kuliko la kwanza: ni nani atakayepata nafasi ya kupona. Diski nyingi zilizochomoza hunywea zenyewe, na wagonjwa wengi wa maumivu ya mguu yatokanayo na diski hupata nafuu katika wiki 6 hadi 12. Karani anaweza kuzipitisha wiki hizo akitembea taratibu na kujinyoosha. Mama mwenye watoto watano na kisima kilichoko mbali hana wiki hizo. Jeraha lake huchokonolewa kila alfajiri kabla halijafunga, na ugonjwa uliopaswa kuwa wa miezi miwili huwa wa miaka.

Kulala kitandani nako si dawa. Madaktari wa Helsinki walionyesha mwaka wa 1995 kuwa wagonjwa walioendelea na shughuli zao za kawaida kadiri walivyoweza walipona upesi kuliko walioamriwa kulala. Mwaka wa 2024, Waaustralia waliripoti kuwa waliofuata programu ya kutembea walikaa siku 208 kabla ya maumivu kuwarudia, ilhali wasioifuata walikaa siku 112. Mkazi wa Zombe angecheka akisikia kuwa mtu hufundishwa kutembea. Yeye hutembea tangu azaliwe. Tofauti ni kuwa Mwaustralia hutembea mikono mitupu.

Ndiposa suala la punda, ambalo huchukuliwa kuwa la mifugo tu, ni suala la afya pia. Punda mmoja hubeba mitungi minne kwa safari moja. Kenya iliporuhusu punda wachinjwe kibiashara mwaka wa 2012, na machinjio manne yakafunguliwa kuwahudumia wanunuzi wa ngozi wa China, wizi wa punda ulienea hadi Ukambani. Ripoti ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ya mwaka wa 2019 ilikadiria kuwa punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kati ya 2016 na 2018.

Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo mapema mwaka wa 2020, mahakama ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka wa 2021, na mnamo Februari 2024 viongozi wa Muungano wa Afrika wakaafikiana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kwa miaka 15. Katika mabishano hayo yote zilizungumzwa haki za wanyama, ajira na mapato ya kigeni. Hakuna aliyehesabu migongo. Punda akiibwa usiku, maji ya asubuhi hayasubiri kesi mahakamani; kuna mtu atakayeyabeba.

Mabwawa ya mchanga ni dawa nyingine isiyoandikwa katika kitabu cha tabibu. Ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakahifadhika ndani ya mchanga huo yasikauke kwa jua. Tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa hayo Kitui pamoja na wanavijiji, na katika Machakos na Makueni kazi kama hiyo imefanywa na Utooni. Palipo na bwawa, safari ya maji hupungua. Ni vigumu kupata idara ya afya iliyoandika bwawa kama matibabu ya mgongo, ingawa ndilo linalomwezesha mgonjwa kutii amri ya daktari.

Kwa wanaume hali ina sura nyingine. Vijana wa Kitui na Makueni huingia mitoni kupakia mchanga kwenye malori kwa koleo, tani baada ya tani, wakilipwa kwa lori na si kwa saa. Wengine hubeba magunia ya makaa. Bi Ngilu alipopiga marufuku usafirishaji wa mchanga na makaa mapema mwaka wa 2018, mjadala ulihusu misitu na mito. Mgongo wa mpakiaji haukuwa sehemu yake.

Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya mwaka wa 2007 humkinga mwajiriwa. Mpakiaji asiye na mkataba, anayechukuliwa na lori hili leo na lile kesho, hana wa kumdai. Mkulima anayevuna ndengu katika shamba lake mwenyewe, akiinama kutoka macheo hadi jua la utosi, hana mwajiri ila mvua.

Wala mlango wa ulemavu si mpana. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka wa 2003, na ile mpya ya mwaka wa 2025, zinampa nafasi mtu ambaye hali yake imepimwa na kuthibitishwa na madaktari. Lakini ni vipi maumivu yatapimwa? Siku ya kupimwa anaweza kuwa anatembea, na kesho yake asiweze kuinuka. Malipo ya Inua Jamii ya Sh2,000 kwa mwezi huwafikia wazee waliotimiza miaka 70 na wenye ulemavu mkali. Aliyevunjwa na diski akiwa na miaka 45 ana robo karne ya kusubiri.

Katika kusubiri huko ndiko roho huvunjika. Usingizi hukatika, hasira huja, ndoa huyumba. Wapo wanaoambiwa wamerogwa na wapo wanaoambiwa imani yao haitoshi, na pande zote mbili mgonjwa hutoka akiwa na lawama juu ya maumivu. WHO haikuweka ushauri wa kisaikolojia katika mwongozo wake kwa maana kuwa maumivu ni ya kubuni. Iliuweka kwa kuwa ubongo uliozoea maumivu kwa miaka huendelea kuyapiga kengele hata jeraha likiwa limepoa, na hofu ndiyo inayoishikilia kamba ya kengele hiyo.

Si kila mgongo, hata hivyo, ni wa kuvumiliwa au kufanyiwa mazoezi. Katika eneo la ufugaji, maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa ya jioni, jasho la usiku na kukonda yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, au bruselosi itokanayo na maziwa yasiyochemshwa. Kansa ya tezi dume na ya matiti huweza kusambaa hadi kwenye pingili. Maradhi haya yana vipimo na tiba zake, na kuyachelewesha kwa sindano za kutuliza maumivu ni hatari.

Zipo pia dalili ambazo hazisubiri kupambazuke: kufa ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, kushindwa kuzuia mkojo au choo au kushindwa kukojoa, na miguu kuishiwa nguvu. Hizo huashiria kuwa diski imekandamiza mishipa mingi kwa pamoja. Upasuaji ukifanywa upesi, mgonjwa anaweza kuokoka kupooza. Ukicheleweshwa kwa siku kadhaa, huenda uharibifu usirekebike. Kutoka Zombe hadi meza ya mpasuaji Nairobi ni safari ya barabara mbovu, barua ya rufaa, na ambulensi ambayo lazima kwanza ipatikane.

Kwa wengine wote, uamuzi wa kupasuliwa una nafasi ya kufikiriwa. Madaktari wa Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu kutokana na diski na kutoa matokeo mwaka wa 2007. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini baada ya mwaka mmoja, asilimia 95 ya makundi yote mawili walikuwa wamepona, na wengi wa waliosubiri hawakuhitaji kisu kamwe, japo asilimia 39 waliishia kupasuliwa.

Familia inayoandaa harambee ya kumpeleka mtu wake Nairobi ina haki ya kuambiwa takwimu hizo kabla shamba halijauzwa. Mara nyingi huambiwa tu bei. Na mgonjwa anayerudi Zombe baada ya upasuaji hurudi na agizo la kutoinua mizigo kwa wiki kadhaa, agizo ambalo hospitali huliandika kwenye karatasi ile ile yenye majina ya dawa, bila kumwuliza kisima kiko umbali gani, kama nyumbani kuna punda, au ni yupi kati ya watoto atakayeacha shule ili ateke maji hadi wiki hizo zitakapokwisha.